Oberammergau, Kijiji cha Milimani Kilichoweka Nadhiri

Upande wa kusini wa Ujerumani, katika nchi ya Bavaria, kiko kijiji kiitwacho Oberammergau. Kimejengwa katika bonde la mto Ammer, mahali milima ya Alps inapoanza kuinuka. Toka mji wa Munich hata huko ni mwendo wa kilometa 90 hivi. Kijiji kina kimo cha mita 837 juu ya bahari, na karibu yake umesimama mlima Kofel, wenye ncha kama jino, wa mita 1,342. Juu ya kilele chake pamesimikwa msalaba. Wakazi wake ni elfu tano na kitu. Walakini jina la kijiji hicho limevuma duniani kote, na asili ya sifa hiyo ni ahadi moja waliyoitoa wazee wake mwaka 1633. Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari hiyo tangu mwanzo, maana ina mafundisho kwa kila mtu akaaye kijijini.

Hapo kale watu wa bonde hilo waliishi kwa kufuga ng'ombe na kukata miti. Majira ya baridi ni marefu huko, theluji hufunika mashamba, wala hakuna kazi ya jembe. Kwa hiyo watu walikaa majumbani mwao wakachonga mti: misalaba, sanamu za watakatifu, na vitu vya kuchezea watoto. Kisha wachuuzi walitia vitu hivyo katika chanja za mti, wakazibeba mgongoni, wakaenda kuviuza nchi za mbali. Kazi hiyo haijafa. Hata leo mgeni apitaye njiani huwaona mafundi wakichonga, na shule ya kuwafundisha vijana ufundi huo ipo palepale kijijini.

Basi katika miaka ile ya 1618 hata 1648 Ujerumani iliangamizwa na vita kuu, ambavyo huitwa Vita vya Miaka Thelathini. Askari walipita huku na huku, na nyuma yao zikafuata njaa na tauni. Watu wa Oberammergau waliweka walinzi njiani, asiingie mgeni yeyote. Lakini masimulizi ya kijiji, ambayo yaliandikwa baadaye sana, yasema hivi: mtu mmoja wa hapo, jina lake Kaspar Schisler, alikuwa akifanya kazi ya kibarua katika kijiji kingine. Ilipofika sikukuu ya kanisa, alitamani kuwaona mkewe na watoto wake. Akawakwepa walinzi usiku, akaingia nyumbani, naye alikuwa amekwisha kupatwa na ugonjwa. Akafa, na tauni ikaenea. Masimulizi yahesabu watu 84 waliokufa.

Ndipo wazee wa kijiji walipokusanyika kanisani, mwezi wa Oktoba 1633, wakaweka nadhiri mbele ya Mungu ya kwamba kila mwaka wa kumi wataonyesha kwa mchezo Mateso ya Bwana wetu Yesu Kristo. Wazee husimulia kwamba tangu siku ile hakufa mtu tena kwa tauni. Mwaka uliofuata, 1634, waliitimiza nadhiri kwa mara ya kwanza, nao waliweka jukwaa lao makaburini, juu ya wale waliokwisha kuzikwa.

Wahenga husema kwamba ahadi ni deni, na deni hili halikuwa jepesi kulipa. Mwaka 1770 watawala wa Bavaria walipiga marufuku michezo yote ya namna hiyo, kwa kuwa waliona siri kuu ya dini haistahili kuchezwa jukwaani. Vijiji vingi vilikuwa na michezo kama hiyo, na vingi viliiacha. Watu wa Oberammergau hawakuchoka kuomba, na mwaka 1780 waliruhusiwa tena. Mwaka 1810 wakakatazwa mara ya pili. Ndipo mtawa mmoja wa nyumba ya Ettal iliyo karibu, Padre Othmar Weis, alipoandika maneno mapya, yaliyofuata Injili kuliko yale ya zamani, na mchezo ukaonyeshwa mwaka 1811. Nyimbo zake zilitungwa na Rochus Dedler, mwalimu wa shule ya kijiji. Sisi tufanyao kazi ya ualimu twafurahi kulitaja jina hilo, kwa maana nyimbo za mwalimu huyo zaimbwa hata leo, zaidi ya miaka mia mbili tangu azitunge.

Mwaka 1830 jukwaa liliondolewa makaburini likapelekwa mahali lilipo sasa. Wageni wakazidi kuja, hata toka Uingereza na Marekani, hasa baada ya reli kufika kijijini mwaka 1900. Siku hizi watazamaji hukaa chini ya paa kubwa, lakini jukwaa li wazi.  Mchezo huchukua saa tano hivi. Mwaka 2010 walikuja watazamaji wapatao nusu milioni. Wachezaji si watu wa kukodiwa. Sharti mtu awe amezaliwa hapo, au awe amekaa hapo miaka ishirini. Wapatao elfu mbili hushiriki: seremala, mwuguzi, mwanafunzi, mwenye duka. Tangu Jumatano ya Majivu ya mwaka unaotangulia, wanaume huacha kunyoa nywele na ndevu.

Wageni hupenda pia kuzitazama nyumba za kijiji, kwa kuwa kuta zake zimechorwa picha za rangi juu ya chokaa mbichi. Fundi mashuhuri wa kazi hiyo alikuwa Franz Seraph Zwinck, mwenyeji wa hapo, aliyefariki mwaka 1792. Ukutani mwa nyumba moja alichora Bwana Yesu akisimama mbele ya Pilato, na nguzo alizozichora zafanana na nguzo za kweli hata mtu hudhani aweza kuzishika. Karibu na kijiji iko nyumba ya watawa ya Ettal, iliyowekwa mwaka 1330, na jumba la Linderhof, alilolijenga Mfalme Ludwig wa Pili.

Lakini historia iliyo kweli haisimulii mazuri tu. Katika mchezo ule wa zamani Wayahudi walionyeshwa vibaya. Makuhani wao walivikwa kofia zenye pembe, na hatia ya kifo cha Bwana iliwekwa juu ya taifa zima, kana kwamba Yesu mwenyewe na mitume wake hawakuwa Wayahudi. Mwaka 1934, mchezo ulipotimiza miaka 300, Hitler alikuja kuutazama, naye baadaye aliusifu kwa sababu ya ubaya huohuo. Miaka michache ikapita, na Wayahudi milioni sita wakauawa katika Ulaya. Hatusemi kwamba mchezo wa kijiji ndio uliowaua. Twasema kwamba uongo juu ya jirani, ukirudiwa mbele ya watu kizazi baada ya kizazi, tena kwa jina la dini, huizoeza mioyo isione uchungu jirani yule anapoonewa.

Mchezo uliporudi mwaka 1950 baada ya vita, maneno yalikuwa yaleyale. Wayahudi wa Marekani na wengine walilalamika. Kijijini watu waligawanyika: hawa walisema nadhiri ya mababu isiguswe hata neno moja, na wale walisema mababu waliahidi kuonyesha Mateso ya Bwana, hawakuahidi kumchukia mtu. Ugomvi huo ulichukua miaka mingi. Hatimaye uongozi alipewa kijana wa kijiji, Christian Stückl, aliyejifunza uchongaji wa mti, naye ameusimamia mchezo tangu mwaka 1990. Mwaka huohuo, baada ya shauri kupelekwa mahakamani, wanawake walioolewa na wale waliopita umri wa miaka 35 waliruhusiwa kucheza, zamani walikatazwa. Mwaka 2000 maneno ya kuwalaumu Wayahudi wote yaliondolewa. Sasa Yesu huitwa Rabi, naye huomba kwa Kiebrania, lugha ya maombi ya watu wake.

Mwaka 2020 kila kitu kilikuwa tayari, mara ikaja korona, na mchezo uliozaliwa kwa sababu ya tauni ukazuiwa na tauni nyingine. Wanakijiji walingoja miaka miwili, wakaonyesha mwaka 2022. Zamu ya mbele ni mwaka 2030.

Ndugu wasomaji, vijiji vyetu pia vina mambo tuliyoachiwa na wazee. Wako wasemao kwamba yote yatupwe, na wako wasemao kwamba yasiguswe kamwe. Watu wa Oberammergau wamepita kati ya hao wawili: wamelilipa deni la mababu kwa karibu miaka 400, na dhuluma iliyokuwa imejificha ndani yake wameitoa, ingawa iliwachukua muda mrefu kukubali. Wala kwa kufanya hivyo hawakuivunja nadhiri. Mtu aliyerithi nyumba yenye mhimili ulioliwa na mchwa huubadili mhimili, ili nyumba ya baba yake ipate kusimama.