Mwenye Daftari na Mwenye Nyumba

Ndugu msomaji, ukitaka kuujua mtaa wa watu wa kwetu, mpeleke mgeni aliyeshika daftari na kamba ya kupimia. Haijalishi ikiwa ni Korogwe karibu na stesheni au Handeni upande wa sokoni. Mama aliyekuwa akipepeta mchele barazani ataingia ndani, na mtoto atatumwa aseme baba hayupo. Hata mjumbe, mwenye kazi ya kumtambulisha mgeni, ataanza kwa kumwambia kwamba nyumba ile ni ya urithi na wenyewe hawajagawana.

Wakubwa wa halmashauri huliita jambo hili ujinga, au uvivu wa kulipa. Mimi sikubaliani nao. Watu hawa wana kumbukumbu, na kumbukumbu yao ina zaidi ya miaka mia na ishirini.

Agizo la kodi ya nyumba na vibanda lilitolewa na serikali ya Wadachi mwezi wa Novemba 1897, na mwaka 1898 likaanza kutekelezwa chini ya Gavana Liebert. Kibanda cha shamba kilipangiwa rupia tatu, na nyumba ya mji ikatozwa zaidi. Tazama basi wakati wenyewe ulivyokuwa. Uzigua ulikuwa haujapumua bado kutokana na nzige na njaa ya 1894 hadi 1896, na mara ile kodi ilipoanza, ukame na njaa vikarudi kuanzia 1898 mpaka 1900. Mtu hana mtama wa kula, anaulizwa rupia. Asiyekuwa na fedha aliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi ya mikono yake, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa, kwani mashamba ya mkonge yalikuwa yakianza kuenea na reli kutoka Tanga ilikuwa ikija. Ilifika Korogwe mwaka 1902. Huko Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kuanzia 1907 kila mwanamume alipewa kadi ya kumfanyia Mzungu kazi siku thelathini katika kila miezi minne. Kwa hiyo kuhesabiwa kwa kibanda kulikuwa ni mlango, na nyuma ya mlango huo palikuwa na shamba la mtu mwingine.

Na nani aliyeshika daftari? Hapa pana jambo ambalo sisi watu wa vyuoni hatupendi kulisema. Maakida wengi waliowekwa na Wadachi walikuwa watu wa pwani, Waislamu wenzetu, na walichaguliwa kwa kuwa walijua kusoma na kuandika. Elimu hiyo waliipata kwenye mkeka wa chuo, mbele ya mwalimu kama mimi. Kalamu iliyofundishwa kuandika alifu na bee ndiyo iliyoandika vibanda vya Wazigua na Wabondei. Wengine walikuwa watu wa haki, sina shaka. Lakini mwanakijiji hakuwa na njia ya kujua kilichoandikwa, wala hakuwa na pa kulalamika ila kwa akida yule yule.

Katika nchi nyingi za Afrika zilizotozwa kodi ya namna hii watu walijibu kwa hila ya wanyonge: walibanana, familia mbili au tatu katika paa moja, ili vihesabiwe vibanda vichache. Hatimaye Wadachi wakageukia kodi ya kichwa. Waingereza walipoichukua nchi walichanganya yote mawili katika sheria yao ya 1922, na mwenye wake zaidi ya mmoja akalipia vibanda vyao pia. Mtu akajifunza kwamba kujenga vizuri na kuweka kila mke nyumba yake, kama sharia inavyomtaka, ni kujiandikia deni.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 watu walitaraji daftari litageuka sura. Katika mambo mengine liligeuka kweli. Shule na zahanati zilijengwa, mwenye macho hakanushi. Lakini tarehe 22 Aprili 1971 ilitangazwa sheria ya kutaifisha majumba. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, lisilokaliwa lote na mwenyewe, likawa mali ya serikali chini ya Msajili wa Majumba, na lililozidi umri wa miaka kumi halikuwa na fidia. Wengi walioguswa walikuwa Wahindi wa miji mikubwa, na Mswahili wa mtaani huenda hata alifurahi. Somo, hata hivyo, lilimfikia na yeye: thamani ya nyumba yako ikishaandikwa, yawezekana siku moja ndiyo itakayoiondoa mkononi mwako.

Kisha kati ya 1973 na 1976 ikaja Operesheni Vijiji, ambayo Handeni inaijua sana. Watu waliacha nyumba na miti waliyoipanda wakapelekwa pa kuishi pamoja. Safari hii hakuja mtu wa kuthamini chochote. Nami naona hilo liliumiza kuliko kuthaminiwa vibaya, maana mwembe wa babu yako ukiandikwa kwa bei ndogo waweza kubishana, lakini usipoandikwa kabisa utabishana juu ya nini?

Katika miaka hiyo hiyo, kuanzia 1972, mabaraza ya miji na wilaya yalivunjwa. Mitaro ikaziba, taka zikajaa, kipindupindu kikaingia mijini, hata mwaka 1978 ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya kodi ya majengo ya miji: nyumba ithaminiwe, iingizwe katika daftari la thamani, na mwenyewe apewe nafasi ya kupinga. Kwa karatasi ni sheria ya insafu. Lakini halmashauri nyingi hazikuwa na wathamini wa kutosha, basi zikatoza kiwango kimoja kwa wote. Na mwenye nyumba aliyelipa alitoka nje akaukuta mtaro ule ule.

Ni vyema tujikumbushe kwamba uthamini si uzushi wa Wazungu. Baada ya Khaybar kufunguliwa, mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliwaachia wenyeji wake mashamba kwa sharti la nusu ya mazao, na akampeleka Abdullah bin Rawaha kukadiria tende zingali mtini. Wakamkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie. Akayakataa, akawaambia kwamba hiyo ni rushwa na sisi hatuili. Wenyewe wakakiri kwamba kwa uadilifu wa namna hii mbingu na ardhi zimesimama. Na imepokewa pia kwamba wakadiriaji waliagizwa wamwachie mkulima theluthi, au angalau robo, kwa yanayoanguka na yanayoliwa na wapita njia.

Sayyidna Umar (r.a.) naye alipotaka kodi ya ardhi ya Iraq aliwatuma Uthman bin Hunayf na Hudhayfa kuipima. Siku chache kabla ya kuchomwa kisu alisimama nao Madina akawauliza: je, hamkuibebesha ardhi ile isichokiweza? Wakasema hapana. Akawaambia watazame tena. Kisha akasema Mungu akimpa uhai atawaacha wajane wa Iraq hawamhitaji mtu yeyote baada yake. Ona anavyouliza mara mbili, na ona kwamba anapozungumza kodi anamtaja mjane.

Turudi kwetu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Mkusanyaji hagongi mlango tena, na hilo ni raha. Lakini mwenye chumba na sebule Manundu na mwenye nyumba ya vyumba sita yenye uzio wanakatwa sawasawa, na aliyepanga anajikuta akilipa kodi ya nyumba isiyokuwa yake kwa sababu mita iko mkononi mwake. Baadaye adai kwa mwenye nyumba! Wangapi wanathubutu? Walipokuja watu wa anwani za makazi kubandika namba mwaka 2022, msishangae waliouliza namba hii inakwenda kwa nani.

Halafu kuna bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Chongoleani, linalopita Handeni na Korogwe. Mali za watu wa njia ile zilithaminiwa, wakaambiwa wasiongeze jengo wala mmea wa kudumu, na fidia ikachelewa miaka. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Malipo yalifika, na nyongeza ya ucheleweshaji ikawekwa, lakini bei ya bati na saruji haikumngoja mtu.

Kwa hiyo ewe mwenye nyumba, mthamini akija usimfungie mlango, kwani aliyejificha huandikwa na jirani. Toka ukae naye. Mwonyeshe kila mnazi, kila mchungwa, kisima na makaburi ya wazee, muulize kila kimoja amekiandikaje, na kabla hujatia sahihi msomewe karatasi yote, wewe na mkeo na mtoto aliyesoma, kisha udai nakala yako. Na wewe mthamini, ambaye huenda ulianza kusoma kwenye mkeka kama maakida wale, nakala hiyo mpe siku ile ile, usimwambie aje ofisini Jumatatu.