Usipoziba Ufa: Habari za Kuziba Meno



Wengi wetu tumezoea kuona kuwa dawa ya jino ni koleo. Hapa Mombo, penye njia panda ya kupandia Lushoto, mtoto hupewa peremende na soda tangu asubuhi, na jino likitoboka husubiriwa mpaka shavu livimbe. Kisha tunasema ni kudra. Kudra tunaiamini, lakini uzembe ni wetu wenyewe.

Kutengeneza kiungo kilichoharibika si jambo geni katika dini yetu. Sahaba Arfaja bin Asaad (R.A.) alipoteza pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akaweka pua ya fedha, ikanuka, Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wanavyuoni wakapata hapo dalili ya kutengeneza na meno. Naye Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyeishi karne ya 10, alieleza namna ya kukwangua ukoga mgumu wa meno kwa vyuma maalumu na kufunga meno yaliyolegea kwa nyuzi za dhahabu.

Karne ya 19 Wazungu walieneza amalgamu, yaani fedha na madini mengine yaliyochanganywa na zebaki. Ni ngumu, lakini haishikamani na jino kwa nafsi yake. Tabibu hulazimika kulichonga jino ili kiraka kishike, na mashine ya kuchongea yataka umeme. Mwaka 1972 Wilson na Kent wa Uingereza walitangaza saruji ya glasi-ayonoma, inayojigandisha na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo.

Na hapa, ndugu yangu, nchi yetu ina fahari. Katikati ya miaka ya 1980, Dar es Salaam, daktari Jo Frencken na wenzake walianza kutibu meno kwa vyombo vya mkono tu: uozo laini ukachokolewa, shimo likazibwa, pasipo umeme. Njia hiyo ikafika Thailand na Zimbabwe, saruji ya glasi-ayonoma ikitumika, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu.

Ama wako wanaoogopa kuziba jino kwa kudhani josho la janaba halitasihi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii kusukutua katika josho ni sunna, si fardhi. Basi ondoeni shaka.

Lakini sikiliza hili. Jino lililozibwa huweza kuoza tena, na mara nyingi huanzia pale kiraka kinapokutana na jino. Ukoga hutulia mpakani hapo, vijidudu vyake hugeuza sukari kuwa asidi, na uozo hupenya chini ya kiraka usionekane. Floraidi ya saruji husaidia. Haimtoshelezi mtu asiyepiga mswaki.

Basi fanya haya. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na mara moja iwe kabla ya kulala. Fikisha mswaki kwenye mpaka wa kiraka. Punguza idadi ya nyakati za kula vitamu, maana kila mara asidi huanza upya. Mwezi wa Ramadhani piga baada ya futari na baada ya daku. Kamuonyeshe tabibu kiraka kabla hakijauma. Mti wa mswaki nao tusiuache: Mtume (S.A.W.) alikaribia kutuamrisha mswaki kwa kila Sala, akazuiwa na huruma yake kwa umma.

Kiraka ni kama toba. Aliyetubu kisha akarudia yale yale hawezi kuilaumu toba. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kuwa ukishaziba, ulinde.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana zake. Amin.