Broughton, Sir Jock Delves: Baroneti wa Karen

Sir Henry John Delves Broughton, ambaye wenzake walimwita Jock (10 Septemba 1883 – 5 Desemba 1942), alikuwa kabaila wa Kiingereza, baroneti wa 11 wa ukoo wake, na mtu pekee aliyewahi kushtakiwa kwa mauaji ya Lord Erroll. Erroll alipigwa risasi karibu na Karen, kusini-magharibi mwa Nairobi, usiku wa kuamkia 24 Januari 1941. Juri lilimwachilia Broughton huru. Miezi 17 baadaye alikufa kwa mkono wake mwenyewe katika hoteli moja ya Liverpool.

Kisa hiki kimesimuliwa sana, na karibu kila mara msimulizi huwafuata wapenzi wawili, Erroll na Diana, mke wa Broughton, kwa kuwa walikuwa vijana na wazuri wa sura. Broughton hubaki mzee mwenye wivu aliyekaa pembeni na glasi yake. Lakini ukitaka kujua ukabaila wa Uingereza ulivyoporomoka katika karne ya 20, na kwa nini mabaki yake yalikuja kuangukia Nairobi, mtu wa kumfuata ni huyo mzee.

Cheo chake kinahitaji maelezo, kwa kuwa kwetu Mzungu yeyote mwenye shamba kubwa enzi za ukoloni huitwa “Lodi” bila kuulizwa hati. Baroneti huitwa Sir, na cheo hicho humrithisha mwanawe wa kiume, lakini hakimpi kiti katika Baraza la Malordi. Ni kabaila wa kizingitini: amekaribishwa, ila hajafika kwenye mkeka. Josslyn Hay, Lord Erroll, alikuwa eali wa 22, na ukoo wake ulirithishana cheo cha Konstebo Mkuu wa Scotland. Kwa ngazi ya vyeo, Erroll alimpita Broughton mbali. Kwa mfuko mambo yalikuwa kinyume, kwani Erroll aliishi miaka mingi kwa mali ya wake zake, hali Broughton alizaliwa juu ya ardhi.

Na ilikuwa ardhi hasa. Baba yake alipofariki mwaka 1914, Broughton alirithi zaidi ya ekari 30,000 katika majimbo ya Cheshire na Staffordshire, pamoja na jumba la Doddington lenye bustani na ziwa. Mwaka huohuo kikosi chake cha Irish Guards kilipopanda meli kwenda vitani Ufaransa, yeye alibaki nyuma kwa sababu ya ugonjwa. Wengi wa wenzake hawakurudi. Kwa kabaila wa kizazi kile, aliyefundishwa kwamba shamba na cheo ni malipo ya damu, kubaki nyuma kulikuwa doa. Halikufutika hata kwa cheti cha daktari.

Alioa mwaka 1913. Mkewe wa kwanza, Vera Boscawen, alipenda safari na uwindaji, na miaka ya 1930 alionekana zaidi katika meli ya rafiki yake Lord Moyne kuliko katika jumba la mumewe. Broughton mwenyewe alikuwa mtu wa mbio za farasi na kamari. Kipande baada ya kipande, ardhi iliuzwa. Zilipofika siku za vita vya pili, wapangaji wengi wa mashamba yake walikuwa wamepata mwenye shamba mpya. Mwaka 1939 zilitoweka lulu na picha za ukutani, zote zikiwa zimekatiwa bima. Bima ililipa, na minong’ono ikabaki.

Ndoa ya kwanza ilivunjwa mwaka 1940. Tarehe 5 Novemba mwaka huo, mjini Durban, Broughton alimwoa Diana Caldwell. Yeye alikuwa na miaka 57, Diana 27. Kabla ya ndoa waliwekeana ahadi ya ajabu: Diana akimpenda kijana mwingine, mumewe hatamzuia, tena atamlipa pauni 5,000 kila mwaka kwa miaka kadhaa. Mtu anayeandika mkataba wa namna hiyo ama amejaa ukarimu, ama amekwisha kujihesabu kuwa ameshindwa. Wiki moja baadaye wakawa Kenya.

Broughton hakuwa mgeni kabisa wa koloni hili. Tangu miaka ya 1920 alikuwa na maslahi katika kilimo cha kahawa nje ya Nairobi, kama makabaila wengi waliovutwa na ardhi rahisi iliyoporwa kwa sheria. Safari hii alipanga nyumba Karen, eneo lililokatwa viwanja baada ya kampuni ya kahawa ya Karen Blixen, baronesi wa Denmark, kufilisika. Blixen aliondoka mwaka 1931 bila shamba, naye akaja kujulikana duniani kwa kuandika juu ya shamba hilo. Kwa maneno mengine, Broughton alikwenda kuishi juu ya kaburi la ukabaila wa mwingine. Leo abiria wa matatu namba 111 anayetoka katikati ya jiji kwa Barabara ya Ngong hupita hapo na kuona kuta ndefu, malango ya chuma na maua ya bogainvilia. Wakati ule palikuwa na vumbi la moramu, vichaka na giza.

Nairobi ya mwisho wa 1940 ilikuwa mji wa vita. Wanajeshi wa Afrika Kusini, wa Uingereza na wa makoloni walijaa mitaani wakijiandaa kuwashambulia Waitalia kule Somalia na Ethiopia. Hata hivyo, katika Klabu ya Muthaiga, iliyofunguliwa siku ya mwisho ya mwaka 1913, watu walicheza dansi kama zamani. Hapo ndipo Diana alipokutana na Erroll. Erroll alikuwa na miaka 39, mjane, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na sasa mwenye wadhifa mkubwa katika ofisi ya kijeshi ya koloni. Miaka michache nyuma alikuwa amejiunga na mafashisti wa Uingereza, jambo ambalo Klabu ya Muthaiga ilikwisha kulisahau. Mapenzi yalianza mara moja, na hayakufichwa.

Mwezi Januari Broughton alianza kupokea barua zisizo na jina, za kumkejeli. Tarehe 21 aliripoti polisi kwamba ameibiwa bastola mbili aina ya Colt, kasha la sigara na fedha kidogo. Tarehe 23 usiku watu wanne walikula pamoja klabuni: Broughton, Diana, Erroll na rafiki yao June Carberry. Broughton aliinua glasi, akawatakia mkewe na Erroll furaha na mtoto wa kurithi. Kisha Erroll akamchukua Diana kwenda kucheza dansi, kwa ahadi ya kumrudisha Karen kabla ya saa tisa usiku. Alimrudisha mapema kuliko hapo. Akageuza gari lake aina ya Buick kuelekea mjini.

Wafanyakazi wawili Waafrika wa gari la maziwa ndio waliolikuta, takriban saa tisa. Lilikuwa limetoka barabarani na kuingia katika shimo la kuchimbia moramu karibu na makutano ya barabara za Karen na Ngong, taa zikiwaka. Mtu alikuwa amejikunja sakafuni, chini ya usukani. Mwanzoni ilidhaniwa ni ajali. Baadaye ndipo lilipoonekana tundu la risasi nyuma ya sikio. Kutoka hapo hadi nyumba ya Broughton ni kama kilomita nne.

Kwa mke, mume na mpenzi, polisi hawakuhitaji ubunifu mwingi. Siku iliyofuata mauaji, Broughton aliagiza petroli na kuwasha moto katika shimo la taka, na kwenye majivu polisi waliokota kipande cha soksi chenye damu. Kwenye shamba la rafiki yake karibu na Nanyuki, alikofanyia mazoezi ya shabaha, walizichimbua risasi ambazo mtaalamu wa serikali alisema zimetoka katika silaha ileile iliyomuua Erroll. Machi 10 alikamatwa.

Kesi ilianza 26 Mei 1941 katika mahakama ya juu ya koloni mjini Nairobi, mbele ya Jaji Mkuu Sir Joseph Sheridan. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa kitanzi. Wakati London ikiwa ndiyo kwanza imetoka chini ya mabomu na askari wa Kenya wakipigana Ethiopia, wanawake wa kisetla walifika mapema na kofia zao kugombea viti. Wanaosema Happy Valley, ile jamii ya masetla wa anasa, ilikuwa bonde la Wanjohi peke yake wangeuona umati ule katikati ya mji.

Hapa msomaji wa leo asipite haraka. Katika Kenya ya kikoloni, Mzungu peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kuhukumiwa na juri, na juri hilo lilikuwa la Wazungu watupu. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa mauaji alisikilizwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao jaji hakulazimika kuufuata ushauri wao. Jengo lilelile, kosa lilelile, mizani miwili. Waafrika walioingia katika kesi ya Broughton waliingia kama watumishi na mashahidi: waliokuta gari, waliosafisha nyumba, waliotumwa petroli. Kwa kawaida ya nyumba za Karen, mpishi na mlinzi hujua saa ambayo kila mlango umefunguliwa. Katika vitabu vingi vilivyoandikwa baadaye, hata hivyo, makabaila wamepewa sura nzima nzima na watumishi wamepewa mistari.

Diana, ambaye kwa desturi ya hadithi angetarajiwa kumtupa mumewe, alisafiri hadi Johannesburg kumtafutia wakili. Akarudi na Harry Morris, bingwa wa kesi za jinai. Morris hakushughulika na wivu wala mapenzi. Alikwenda moja kwa moja kwenye chuma. Mtutu wa bastola huwa na mifereji inayoizungusha risasi, na kila kiwanda kina mpangilio wake. Risasi iliyomuua Erroll ilikuwa na alama za mifereji mitano inayopinda kulia. Colt ina mifereji sita inayopinda kushoto. Basi bastola zilizoibiwa za Broughton haziwezi kuwa ndizo, na upande wa mashtaka ulikuwa umejenga nyumba yake juu ya bastola hizo. Serikali haikuwa na silaha mkononi, na hoja yake haikupona.

Mshtakiwa mwenyewe alipanda kizimbani na kujibu maswali kwa utulivu wa mtu anayezungumzia hali ya hewa. Mguu wake ulikuwa mbovu, usiku haoni vizuri, na usiku ule alikuwa amekunywa. June Carberry alieleza kwamba Broughton aligonga mlango wa chumba chake mara mbili usiku ule, kumuuliza kama yuko salama. Mtu kama huyo, utetezi uliuliza, angewezaje kuua barabarani na kurudi kwa miguu gizani? Tarehe 1 Julai juri lilisema hana hatia.

Uhuru haukumfaa kitu. Usetla ulikuwa tayari kumwokoa na kamba, lakini haukutaka kula naye. Klabu zilimgeuzia kisogo, kwa kuwa aliyaanika magazetini mambo ya ndani ya jamii yao. Yeye na Diana walisafiri hadi India na Ceylon, wakarudi Kenya na kukaa kwa muda katika nyumba ya marehemu Erroll kando ya Ziwa Naivasha, uamuzi ambao mwandishi huyu ameshindwa kuuelewa kila alipourudia. Ndoa ikafa. Mwishoni mwa 1942 Broughton alirudi Uingereza peke yake, na huko polisi wakamhoji kuhusu zile lulu na picha za bima. Siku chache baadaye akajitoa uhai katika hoteli ya Adelphi.

Tangu hapo nadharia zimepandana. Mwaka 1982 James Fox alichapisha White Mischief, akimwelekea Broughton; mwaka 1987 ikawa filamu. Mwaka 1999 Juanita Carberry, binti wa kambo wa June, aliyekuwa na miaka 15 wakati wa mauaji, alichapisha kumbukumbu zake akisema Broughton alikiri kwake siku chache baada ya tukio. Mwandishi Errol Trzebinski yeye aliwanyooshea kidole majasusi wa Uingereza. Wengine humtaja Alice de Janzé, mpenzi wa zamani wa Erroll, aliyejiua Septemba 1941. Ushahidi wa Juanita ndio wenye uzito zaidi kwangu, japo hata huo ulisubiri miaka mingi kufika mbele ya umma.

Diana alibaki Kenya. Mwaka 1943 aliolewa na Gilbert Colvile, setla tajiri wa ng’ombe, na mwaka 1955 na Lord Delamere wa nne. Alifariki mwaka 1987 na kuzikwa Ndabibi, karibu na Naivasha. Mwanamke aliyekuja na baroneti aliyefilisika alikufa akiwa miongoni mwa watu wenye ardhi nyingi zaidi nchini.

Kule Cheshire, mwana wa Broughton, Evelyn, alirithi cheo na kipande tu cha shamba. Jumba la Doddington liligeuzwa shule ya bweni ya wasichana. Binti wa Evelyn, Isabella, aliyezaliwa mwaka 1958 na kuja kujulikana duniani kama Isabella Blow, mhariri wa mitindo aliyeziona mapema kazi za Alexander McQueen na kununua mavazi yake yote ya mahafali, alikulia katika nyumba ndogo ndani ya bustani hiyo. Baba yake alipofariki mwaka 1993 alimwachia pauni 5,000. Isabella alihangaika kwa miaka na ugonjwa wa huzuni, akajitoa uhai Mei 2007. Alizoea kuwasimulia watu juu ya jumba la babu yake, ambalo utotoni aliliangalia kila siku kutoka dirishani na ambamo familia yake haikuwa na uwezo wa kuishi.