Mkato na kishazi rejeshi katika Kiingereza: kutoka pumzi hadi maana

Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha jinsi mkato, uliokuwa alama ya pumzi ya msomaji, ulivyopata kuwa alama ya maana katika sarufi ya Kiingereza.

Chimbuko lake ni Aleksandria, yapata mwaka 200 kabla ya Kristo. Huko Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba, aliweka nukta katika maandishi ya Kigiriki ili msomaji ajue pa kutua. Kipande kifupi kabisa cha usemi kiliitwa komma, yaani kilichokatwa. Nasi twasema mkato. Umbo la leo lilienezwa na mpiga chapa Aldus Manutius wa Venice, mwishoni mwa karne ya 15.

Hata hivyo, pumzi pekee haitoshi. Tulinganishe «The students who passed went home» na «The students, who passed, went home». Sentensi ya kwanza yasema kwamba waliorudi nyumbani ni wale waliofaulu tu. Ya pili yasema kwamba wanafunzi wote walifaulu, nao wote wakarudi. Maneno ni yaleyale, lakini idadi ya watu imebadilika.

Tofauti hiyo ilikwisha kuelezwa huko Ufaransa na Antoine Arnauld na Pierre Nicole, katika Mantiki ya Port-Royal ya mwaka 1662: kuna kishazi kinachobainisha na kuna kinachoeleza tu. Katika Kiingereza kanuni ilichelewa kutulia. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alifundisha kwamba kirejeshi kwa kawaida hutanguliwa na mkato, isipokuwa kinapobana maana ya nomino yake. Kwake mkato ndio uliokuwa desturi. Mwaka 1906 ndugu H. W. na F. G. Fowler, katika The King's English, waliligawa jambo hilo waziwazi: kishazi bainishi hakina mkato, kisichobainisha sharti kiwe nao.

Kwa mtafsiri wa Kiswahili somo hili ni zito. Kiswahili huweza kutia kirejeshi ndani ya kitenzi: «wanafunzi waliofaulu» huchagua baadhi. Palipo na mikato katika Kiingereza, yafaa kusema «wanafunzi, ambao wote walifaulu». Katika hati ya sheria au ya mirathi, anayeupuuza mkato aweza kumnyima mtu haki yake.