Kibali cha aina ya ndege: kwa nini leseni pekee haimfikishi rubani kwenye jeti

Ndege za kukodi zinazotua Kasese, zikiwaleta watalii wa milima ya Rwenzori na wa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, aghalabu ni ndogo: Cessna Caravan, yenye injini moja na pangaboi moja puani. Njia ya kurukia ya uwanja huo kwa miaka mingi imekuwa ya changarawe, na jeti nyingi hazikuundwa kutua juu ya changarawe, kwani injini zake hufyonza mawe. Kijana wa Bwera aliyeanza kuutamani urubani kwa kuzitazama ndege hizo hana budi kujua kwamba kati ya Caravan na jeti kuna mlango ambao leseni peke yake haiufungui.

Mlango huo ni kibali cha aina ya ndege. Leseni ya urubani wa biashara humruhusu mtu kulipwa kwa kurusha ndege. Kibali humruhusu kurusha aina fulani iliyotajwa kwa jina katika leseni yake. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hukidai kwa kila aina ya ndege inayohitaji marubani wawili au zaidi, kwa kawaida kwa aina za helikopta, na kwa ndege nyingine yoyote ambayo mamlaka ya nchi itaona inafaa. Aliyeidhinishwa kwa Gulfstream haruhusiwi, kwa kibali hicho, kuiongoza Airbus.

Chuo cha urubani cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, humtoa mwanafunzi akiwa na leseni. Kanuni hizo za kimataifa hutaka saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Mafunzo ya jeti ni jambo jingine. Hufanyika kwa wiki kadhaa, darasani na ndani ya mtambo unaoiga chumba cha rubani, ambamo injini huzimwa na moto huwashwa bila mtu kudhurika. Mitambo ya jeti ndogo za kukodi ni adimu katika ukanda wetu. Wengi huifuata Dubai, Ulaya au Marekani, na gharama hufikia makumi ya maelfu ya dola.

Nani alipe? Hapo ndipo ajira hupindia. Kampuni ya jeti za kukodi huwa na ndege chache, pengine moja tu, na humpendelea rubani ambaye tayari ana kibali cha ndege hiyo na saa za kutosha ndani yake, kwa kuwa hata kampuni ya bima huziulizia saa hizo. Ikikubali kumsomesha, humfunga kwa mkataba wa miaka kadhaa: akiondoka mapema, hurudisha gharama. Kwa maoni yetu mkataba wa namna hiyo, ingawa hulalamikiwa, una nafuu kuliko kujilipia kwa matumaini. Kibali hakikai kama cheti cha ndoa. Rubani wa safari za biashara hupimwa mara mbili kwa mwaka, na anayebeba abiria hutakiwa awe ameruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizotangulia. Aliyejilipia akakosa kazi hukiona kibali chake kikichakaa mkononi.

Ndiyo maana wengi huanzia kwenye Caravan na njia za changarawe, wakikusanya saa. Saa 1,500 ndicho kiwango cha leseni ya juu, ile inayomwezesha rubani kuwa nahodha wa ndege ya marubani wawili. Uganda Airlines iliporudi angani Agosti 2019 kwa ndege za CRJ900, kila rubani alihitaji kibali cha aina hiyo. Zilipofuata Airbus A330, kikahitajika kingine.

Mzazi anayetaka kuuza kahawa au kipande cha shamba kwa ajili ya mafunzo ya jeti aulize kwanza: ni kampuni gani hapa inayorusha aina hiyo, na je, imeahidi kazi kwa maandishi?