Mtungi wa Maji na Homa ya Manjano: Kazi ya Afya ya Mji katika Juba na Sudan ya Kusini

Juba ni mji kijana. Mwishoni mwa miaka ya 1920 makao makuu ya jimbo yalihamishwa kutoka Mongalla yakaletwa hapa, na kwa muda mfupi pakawa na gati la meli za Mto Nile, afisi, kambi ya askari na mitaa ya wafanya biashara. Katika Malakia na Konyo Konyo wakakaa watu wa makabila mengi, ua kwa ua, na kila ua ulihitaji maji kabla ya kuhitaji kitu kingine chochote: maji ya kunywa, ya kupikia, ya udhu na ya mgeni.

Maji hayo yaliwekwa katika zir, ule mtungi mkubwa wa udongo ujulikanao Sudan nzima. Sifa zake hazina haja ya kuelezwa kwa wakazi wa Juba. Udongo wake hupenyeza maji kidogo kidogo, upepo hupita juu ya unyevu ule, na maji ya ndani hupoa hata wakati wa joto kali. Lakini yuko mbu mmoja, mweusi mwenye alama nyeupe miguuni, jina lake la kitaalamu Aedes aegypti, ambaye hapendi kinamasi wala mto. Yeye hupenda maji safi yaliyotulia ndani ya chombo, karibu na watu. Hutaga mayai ukutani mwa mtungi, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukauka miezi mingi bila kufa. Kwa hiyo kuumwaga mtungi peke yake hakutoshi. Sharti usuguliwe ndani. Na kwa kuwa yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku kama nane au kumi, kazi hiyo haina budi kurudiwa kila juma. Mbu huyu ndiye achukuaye homa ya manjano mijini.

Vita dhidi ya mbu wa vyombo vilianza Sudan mapema sana. Daktari Andrew Balfour, aliyefika Khartoum mwaka 1902 kuongoza maabara ya Wellcome, aliunda kikosi cha watu wa kukagua visima, mitungi na matangi, wala hakuyasahau maji yaliyowekwa ndani ya meli na mashua, maana kila chombo kilichopanda au kushuka Nile kiliweza kuchukua abiria asiyekata tiketi. Desturi ya mkaguzi kuingia nyuani akitazama ndani ya mitungi ikaenea katika miji ya Sudan kutokana na mwanzo huo.

Hata hivyo, Sudan ya Kusini haikushughulisha sana mawazo ya wakubwa wa ng'ambo mpaka ndege zilipokuja. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua safari za kutoka Misri kwenda Afrika ya Mashariki, na Juba ikawa moja ya vituo vyake. Katika miaka hiyo hiyo wataalamu walikuwa wakikusanya damu za watu katika nchi nyingi za Afrika na kuzijaribu kwa panya. Ikiwa damu ya mtu ilimkinga panya asife kwa virusi vya homa ya manjano, basi ilijulikana kwamba mtu yule amewahi kuugua maradhi hayo, hata kama hakuna tabibu aliyeandika habari zake. Watu wenye kinga hiyo walipatikana Sudan ya Kusini. Serikali ya India ikashtuka, na ilikuwa na sababu: kule mbu alikuwako tele, maradhi hayakuwako, na ndege ilikuwa imeufupisha mwendo wa majuma ukawa wa siku chache. Mkataba wa afya ya safari za angani uliotiwa sahihi The Hague mwaka 1933 ukaweka masharti ya viwanja visivyo na mbu na nyumba za abiria zenye nyavu.

Hapa inafaa kusema wazi jambo ambalo taarifa za siku zile hazikulisema. Hofu iliyowasukuma wenye mamlaka ilikuwa zaidi kwa ajili ya abiria na nchi alikokwenda, na kidogo kwa ajili ya mwenye mtungi. Mtu aliyeamriwa kusugua zir yake hakuambiwa kwamba huenda ni mtoto wake atakayeokoka.

Mwaka 1940 ulionyesha ni nani hasa aliyekuwa hatarini. Katika milima ya Nuba homa ya manjano ilizuka kwa nguvu, na hesabu iliyofanywa ilikuwa wagonjwa wapatao 15,000, na waliofariki karibu 1,500. Hakuna ndege iliyolileta janga hilo. Wagonjwa walishikwa na homa kali, wengine macho yakageuka manjano, na waliozidiwa wakatapika damu nyeusi. Robert Kirk wa Idara ya Tiba ya Sudan aliandika habari za janga hilo. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba mbu mkuu wa kule hakuwa yule wa mtungini, bali mwingine, Aedes vittatus, azaaye katika vishimo vya miamba vinavyojaa maji ya mvua. Mkaguzi angesugua mitungi yote ya milimani na bado maradhi yangeendelea.

Fumbo hili lilifumbuliwa zaidi upande wa Uganda. Huko Entebbe, katika taasisi iliyoanzishwa mwaka 1936 kuchunguza homa ya manjano, Alexander Haddow na wenzake walifuata habari zake hadi misitu ya Bwamba. Waligundua kwamba maradhi hukaa kwa nyani na kima juu ya miti, yakichukuliwa na mbu wa vileleni. Kisha kima washukapo kuiba ndizi mashambani, mbu azaaye katika maji ya vikonyo vya mgomba huyachukua na kumpa mkulima. Msitu hauwezi kusuguliwa. Ndipo ikaonekana kwamba mji unahitaji ngao mbili: mitungi safi, ili mgonjwa mmoja atokaye msituni asiwashe moto mtaani, na chanjo ya 17D, iliyotengenezwa na Max Theiler mwaka 1937, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951.

Kwa Waislamu habari hii ina mlango mwingine, nao ni Hija. Tangu kipindupindu cha mwaka 1865, kilichoua mahujaji wapatao 15,000 katika Hijazi, dola za Ulaya ziliwatazama mahujaji kama hatari inayotembea, na karantini za Tor na Kamaran zikawa sehemu ya safari ya wengi. Sheria za afya za kimataifa za mwaka 1951 bado zilikuwa na vifungu vya peke yao kwa mahujaji. Vifungu hivyo viliondolewa kwa uamuzi wa mwaka 1956, baada ya Saudi Arabia kujenga karantini yake Jeddah, na Mwislamu akawa msafiri kama wasafiri wengine. Karantini yenyewe haikuwa jambo geni katika dini. Sayyidna Umar (R.A.) alirudi kutoka Sargh asiingie Sham yenye tauni, na sahaba mmoja akamweleza mafundisho ya Mtume (S.A.W.) juu ya kutoingia wala kutotoka penye maradhi hayo. Kilichochukiza kilikuwa kutengwa kwa jina la ibada.

Nyumbani, mzigo ulikuwa ukihamia mikononi mwa wenyeji. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1937, na baadaye ile ya mwaka 1951 iliyofuata taarifa ya Dkt. Marshall, zilifungua njia ya mabaraza ya miji kubeba kazi za usafi na afya. Kazi hiyo ilikuwa na ugumu usioandikwa katika sheria yoyote. Ua ni sitara. Surat an-Nur imeweka adabu ya kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu, na mkaguzi aingiaye ghafula na daftari la faini huonyeshwa mtungi mmoja, mingine ikafichwa nyuma ya nyumba. Abishaye hodi akangoja wanawake wajisitiri huonyeshwa yote. Tena amri ya kufunika vyombo usiku, iliyopokewa katika hadithi, ilikuwa ikijulikana majumbani kabla ya Balfour kuzaliwa; kifuniko kinachoziba vizuri humzuia mbu kama kinavyozuia vumbi.

Vita vilivyoanza mwaka 1955 na kurudi mwaka 1983 viliivuruga kazi hiyo kwa miaka mingi, lakini maradhi hayakungoja amani. Homa ya manjano ilizuka katika milima ya Imatong mwaka 2003. Tarehe 24 Desemba 2023 serikali ya Sudan Kusini ilitangaza mlipuko mwingine, mgonjwa wake akiwa mtu wa Yambio, na chanjo ikapelekwa Ikweta ya Magharibi. Cheti cha chanjo hiyo, ambacho zamani kilidumu miaka 10 tu, tangu Julai 2016 kinamfaa mwenyewe maisha yake yote, naye hujaji wa Juba hukichukua pamoja na pasi yake aendapo Jeddah.