Wastani wa kundi na tofauti za mtu binafsi

Katika saikolojia, wastani wa kundi ni alama moja inayosimama badala ya wengi. Tofauti za mtu binafsi ni jinsi alama za watu zinavyotawanyika kuuzunguka wastani huo.

Mfano mzuri ni utafiti wa Shamba Maisha, magharibi mwa Kenya. Jaribio la awali lilifanyika Kaunti ya Migori kwa washiriki 140 wanaoishi na VVU. Jaribio kubwa, lililochapishwa 2022, lilihusisha pia Homa Bay na Kisumu. Katika upande mmoja wa jaribio hilo, wakulima walipata mkopo, pampu ya kumwagilia na mafunzo ya kilimo na fedha. Kwa wastani, uhaba wa chakula na dalili za sonona vilipungua zaidi upande huo, ila kufubaa kwa virusi hakukutofautiana. Matokeo hayo yafaa sana kupanga sera. Hayamwambii muuguzi wa Rongo, Migori, kama mama aliyeketi mbele yake ana sonona. Huyo lazima aulizwe mwenyewe.

Mfano mwingine unatoka Usenge, Siaya, ambako utafiti wa mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake (2001) uliwapima watoto 85. Waliojua zaidi dawa za mitishamba walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati. Huo ni mwelekeo wa kundi. Hauthibitishi kwamba mtoto akijifunza mitishamba, msamiati wake hupungua. Kujua mabadiliko ya mtu mmoja kunahitaji kumpima yeye yule mara nyingi, kama alivyosisitiza mwanasaikolojia Peter Molenaar mwaka 2004.